Fahali wa Pande Tatu

Mvua ya Kakamega huja baada ya chakula cha mchana kama mgeni aliyealikwa, na ndiyo iliyomsukuma Chrispinus Andati kuingia katika kibanda cha gemu cha Sydney, nyuma ya soko. Hakuwa mchezaji wa gemu. Alikuwa mtu wa umri wa kuota kitambi, mwenye suti moja ya buluu na jina la Konsalta alilojipa mwenyewe, baada ya kugundua kwamba hakuna anayethubutu kumuuliza konsalta anashauri kitu gani. Kazi yake, ukipenda kuiita kazi, ilikuwa kuwasaidia watu kuachana na pesa zao bila maumivu. Aliwahi kuuza mbegu za miwa isiyohitaji kupaliliwa. Aliwahi kuuza tiketi za kutazama nyani kule msituni Buyangu, nyani ambao hukaa mitini bure tangu dunia iumbwe. Yeye mwenyewe alijihesabu miongoni mwa vichwa vikubwa vya eneo la Magharibi, na kama kungekuwa na kipimo cha vichwa hivyo, angekuwa amekiuza pia.

Ndani ya kibanda palikuwa na msiba. Vijana walikuwa wameinamia simu ya Sydney, mwenye kibanda, wakitazama tangazo la gemu waliyoipenda kuliko chakula: Ngumi za Radi. Gemu hiyo ilikuwepo tangu Sydney hajazaliwa, ikitolewa toleo baada ya toleo, na katika miaka yote hiyo wapiganaji wake walikuwa bapa kama chapati.

"Wameiharibu," alisema Sydney, kwa sauti ya mtu aliyepoteza mjomba.

"Wameiharibu vipi?" Chrispinus aliuliza, kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Konsalta, hawa watu siku zote wanaendanga mbele na nyuma tu, kama shanga kwenye uzi. Hawageukangi. Sasa toleo jipya limekuwa thri-di, la pande tatu. Mtu anaweza kumzunguka mwenzake. Angalia huyu, ameonyeshwa mgongo."

Chrispinus aliangalia. Kweli, mpiganaji mmoja alikuwa anamzunguka mwenzake polepole, na yule mwenzake alikuwa na mgongo, visigino na kisogo, mambo ambayo inaonekana hakuwahi kuwa nayo.

"Na huo mgongo wameutoa wapi?"

"Wanachukua watu wa kweli," Sydney alisema. "Wanampiga mtu picha pande zote, halafu kompyuta inamjaza. Imeandikwa hapa, wanatafuta sura mpya kutoka dunia nzima."

Vijana wakaanza kubishana. Nusu walisema mpiganaji asiye na mgongo ndiye mpiganaji halisi. Nusu walisema ujinga. Chrispinus hakuwasikia tena. Alikuwa amesimama wima katika suti yake yenye unyevunyevu, akihisi ule mwasho mtamu wa kichwani ambao watu waaminifu huupata wakiwa kanisani. Dunia nzima inatafuta migongo. Na Kakamega, Mungu aibariki, ilikuwa imejaa watu wenye migongo mipana na mifuko mipana zaidi.

Alitoka mvua ikiwa haijaisha.

Studio aliipata kwa Immaculate, mwenye saluni mtaani Amalemba, ambaye alikuwa na chumba cha nyuma kisichotumika na subira iliyokuwa inaelekea ukingoni. Immaculate alikuwa amekubali kuolewa na Chrispinus kwa sharti moja: aonekane akifanya kazi inayoweza kuelezwa kwa ndugu zake bila wao kutazamana.

"Ni kazi gani hii?" aliuliza, akimwona akipiga misumari ukutani na kutundika shuka jeusi.

"Teknolojia."

"Ya kufanya nini?"

"Kupiga watu picha migongoni."

"Ndugu zangu nitawaambia wewe ni fundi wa umeme," alisema, akarudi kusuka.

Chrispinus hakujali. Hii ilikuwa kazi ya mwisho. Mavuno yake yangefungua duka la simu lenye kioo mbele na jina lake juu ya mlango, na ndugu wa Immaculate wangekuja kununua chaja kwa heshima. Aliazima kiti cha saluni kinachozunguka. Akaifunga simu yake juu ya mpini wa fagio, akaizungushia karatasi ya fedha ya kufungia nyama ya kuchoma, na kando yake akaning'iniza taa ya pikipiki inayowakawaka. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache akaitazama mashine yake, akaona aibu kidogo. Kisha akakumbuka jinsi alivyouza zile mbegu, aibu ikaondoka.

Mteja wa kwanza alikuwa Bwana Simiyu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mkubwa aliyeamini kwamba ujana wake ulipita bila kushuhudiwa ipasavyo.

"Nilikuwa mtu wa ngumi, nikiwa sekondari," Simiyu alimwambia. "Walikuwa wananiogopanga."

"Inaonekana, Bwana Simiyu. Hata kampuni ingeona. Shida ni kwamba wako mbali, hawajui Kakamega tuna nini. Ndiyo maana wameniweka mimi."

"Na ni pesa ngapi?"

Hapa Chrispinus alikohoa kidogo, kama daktari. "Mbele ni bure. Ilikuwa bure tangu zamani, gemu ilipokuwa bapa. Kinacholipiwa ni mgongo."

Simiyu aliwaza. Kama angeambiwa yote yanalipiwa, angekasirika. Lakini mtu akishapewa mbele yake bure, kuuacha mgongo nje huwa kama kununua shati lisilo na nyuma. Alilipa mgongo, na kwa nyongeza ndogo akalipia kisogo.

Alikaa kwenye kiti cha saluni ngumi zikiwa juu, uso umekunjwa kama wa mtu anayekaribia kulipiza kisasi, na Chrispinus akamzungusha taratibu huku taa ya pikipiki ikiwakawaka. Ilimbidi amzungushe kwa mikono miwili na goti. Kupitia pazia Immaculate na mteja wake walichungulia, wakatazama, wakarudi kwenye kusuka.

Baada ya Simiyu akaja Madam Pascalia, mwenye hoteli karibu na mahakama, ambaye alinuia kugombea udiwani na alitaka vijana wamjue kabla ya kampeni.

"Nitakuwa napigana na nani?" aliuliza.

"Na yeyote atakayekuchagulia mchezaji, Madam. Utampiga."

"Ninashindwangi?"

"Kushindwa ni kwa mtu asiyejua kubonyeza."

Alitaka pia kiuno chake kipunguzwe. Chrispinus alimweleza kwa upole kwamba hiyo ni huduma ya ngazi nyingine, Madam Pascalia akalipia ngazi nyingine. Akaleta na rafiki zake. Habari za mji mdogo hazihitaji redio. Kabla wiki haijaisha palikuwa na watu barazani kwa Immaculate wakisubiri kuzungushwa, na Chrispinus alianza kutembea katikati ya barabara badala ya pembeni.

Mtu mwingine angetulia hapo. Chrispinus naye alijiambia atulie, akajikubalia, kisha akasikia kuhusu Mzee Shitanda.

Mzee Shitanda alikaa Iguhu, na alikuwa amelipwa fidia ya shamba lililoliwa na barabara. Hiyo ilikuwa habari ya kwanza. Ya pili ni kwamba alikuwa na fahali wa kupiganishwa, jina lake Inspekta, ambaye, kwa alivyosikia, Mzee alimpenda kuliko jamaa zake kadhaa. Chrispinus alizijumlisha habari hizo mbili akiwa bado anapiga mswaki.

Alimkuta Mzee uani, mtu mfupi mwembamba, kofia ya sufi kichwani hata juani.

"Mulembe, Mzee."

"Mulembe. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni konsalta."

"Sikuulizi unafanya nini. Ni wa wapi?"

Chrispinus akataja kwao, na kwa babu yake, na kanisa la babu yake, mpaka Mzee aliporidhika kwamba mgeni hakuanguka kutoka angani. Ndipo akaruhusiwa kueleza. Alieleza vizuri. Alieleza habari za gemu iliyokuwa bapa miaka mingi na sasa imejaa, na jinsi wazungu walivyo na watu wa ngumi wa kila namna lakini hawana fahali, kwa sababu fahali bapa ni kama picha kwenye sanduku la majani ya chai, ila fahali mwenye pande tatu anaweza kukuzunguka.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu hana mgongo," alisema Mzee.

"Anao, Mzee. Lakini dunia haijauona."

"Na nikilipa utauonyesha."

"Na kila mtoto Ulaya akimchagua Inspekta, kitu kidogo kinarudi Iguhu."

Mzee Shitanda alisugua kidevu. Alisema pesa hazipo mkononi, ziko benki, na benki iko Kakamega, na mguu unauma; lakini mgeni asirudi bure, ampige ng'ombe picha, malipo yatazungumzwa. Kwa hiyo Chrispinus alitumia alasiri nzima kumzunguka Inspekta akiwa ameshika mpini wa fagio wenye karatasi ya fedha. Inspekta alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye pembe za kutisha na macho ya karani wa zamani. Kila Chrispinus alipofika nyuma, fahali naye aligeuka. Wakazungukana hivyo kama maharusi wawili wasiojuana. Mzee aliketi kivulini akitazama, na mara moja moja alisema, "Bado hujaona mgongo," au, "Angalia kiatu." Kiatu kilikuwa kimechelewa.

Usiku huo Chrispinus aliiweka video fupi ya Inspekta kwenye mtandao, ili apate kitu cha kumwonyesha Mzee atakapokwenda kudai, kisha akaosha kiatu chake.

Siku chache baadaye, Jumamosi asubuhi, mwanamke kijana aliingia saluni. Alivaa koti la kijivu, beji shingoni na miwani juu ya nywele, na alizungumza Kiswahili cha watu wa Nairobi ambao wamekizoea Kiingereza kuliko wanavyotaka kukiri.

"Natafuta mtu anaitwa Konsalta Andati. Mimi ni Chepng'etich, nawakilisha Ngumi za Radi upande wa Afrika Mashariki."

Damu ya Chrispinus ilienda miguuni, ikakaa huko tayari kwa mbio. Alitazama mlango. Mwanamke alikuwa amesimama palepale mlangoni.

"Nimeona video yako ya fahali," aliendelea. "Wakubwa wangu pia wameiona. Wanauliza nani ni mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Wa fahali. Wanataka awe yule wa mwisho kabisa, ambaye mchezaji akimaliza wengine wote ndipo anakutana naye. Hatujawahi kuwa na mnyama. Siwezi kukutajia kiwango hapa mbele ya watu, lakini mwenye fahali hatafanya kazi tena."

Mwongo mzoefu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akiusikia uongo wake ukitoka kinywani mwa mtu mwingine, huuchukua kama habari. Chrispinus alikuwa amesema maneno hayohayo kwa Mzee Shitanda. Lakini aliyasema bila beji. Sasa beji ilikuwa inayasema, na zaidi ya hapo si tangazo lilikuwepo kweli, si Sydney alilisoma, si kampuni inatafuta sura duniani kote? Moyoni aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake, nacho kilimpendeza sana: kwamba huenda muda wote huu alikuwa anasema ukweli.

"Mwenyewe ni mimi," alisema.

"Safi. Na umerekodi wengine?"

Akaona nafasi ya kujipamba. Akamtajia Bwana Simiyu na duka lake, Madam Pascalia na hoteli yake, wanapatikana wapi, wana uzito gani mjini, na jinsi kila mmoja anavyopenda kuonekana. Chepng'etich alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa.

"Hao tutawaangalia pia. Nitarudi Jumatatu na wapiga picha. Fahali awe hapa mjini, na uwe na karatasi ya chifu kwamba ni wako. Wakubwa hawapendi mzozo wa umiliki."

Alipoondoka, Immaculate aliacha kuchana nywele za mteja. "Una ng'ombe?" aliuliza.

"Nitakuwa naye kufikia jioni."

"Chrispinus, huyo mama sijampenda. Viatu vyake vina tope la mashambani."

"Amezunguka na kazi. Watu wanaofanya kazi hukanyaga tope."

"Wewe hujuangi watu wanaofanya kazi," alisema Immaculate.

Alifika Iguhu kabla ya saa sita, akitembea polepole langoni ili asionekane ana haraka. Alimwambia Mzee kwamba amefikiria sana, kwamba mambo ya mitandao ni magumu kwa mtu wa umri wake, na kwamba yeye Chrispinus, kwa huruma tu, angependa kumwondolea mzigo wa Inspekta.

"Kumwondoa?" Mzee alivua kofia. "Huyu si mzigo. Huyu ni mtoto wangu."

"Nitamtunza kama mtoto."

"Mwaka jana alimpiga fahali wa Khayega mpaka mwenye fahali akahama."

Mzee hakuwa na nia ya kuuza, na alitumia muda mrefu kueleza ukosefu huo wa nia. Alieleza kwa uchungu. Alieleza kwa historia ya mama yake Inspekta na bibi yake Inspekta. Kila alipoeleza, bei ilipanda, na Chrispinus, ambaye alikuwa amewafundisha watu wengi kwamba anayekataa kuuza ndiye anayeuza, alisahau kabisa mafundisho yake. Mwishowe alitoa migongo yote ya Kakamega: wa Simiyu na kisogo chake, wa Pascalia na kiuno chake, na ya marafiki zake wote. Kioo cha duka la simu kilikwenda pamoja nayo. Mzee alipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlenga, akaomba dakika ya kumuaga ng'ombe. Elvis, mwanawe, alikwenda na Chrispinus kwa chifu kuandika karatasi, na njiani alikohoa sana, kama mtu aliyepaliwa.

Inspekta alipelekwa Amalemba kwa gari la mizigo na kufungwa nyuma ya saluni. Jumapili yote alikula: majani ya Immaculate, maua ya Immaculate, na taulo moja la saluni.

"Nitawaambia nini ndugu zangu?" Immaculate aliuliza, akilitazama lile shimo kwenye maua.

"Waambie wewe una mchumba mwenye fahali. Waluhya wanaelewanga hilo."

Immaculate akaenda kuokota maua yaliyobaki, na Chrispinus alilichukua hilo kama dalili njema.

Jumatatu alivaa suti, akapaka viatu rangi, akatoka nyuma kumsugua Inspekta. Inspekta hakuwepo. Palikuwa na mti, na kamba juu ya mti. Chrispinus alikuwa amemfunga kwa fundo pekee alilolijua vizuri, fundo la tai, na fahali alikuwa amelifungua kwa kuvuta tu, kama mtu anayetoka ofisini.

Alipiga simu ya Chepng'etich ili aombe saa moja zaidi. Haikupatikana. Alipiga tena. Haikupatikana kwa adabu ileile.

Wapiga picha wangefika wakati wowote. Akatoka mbio barabarani, akiuliza kila mwenye bodaboda. Wote walikuwa wamemwona. Hawakuwa wamemwona amepotea. Kwa maelezo yao, alikuwa anakwenda kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Alifuata barabara ya Kisumu, wakasema, akasubiri malori yapite, akavuka. Kule Khayega, mwenye kibanda cha ndizi alimwonyesha ganda aliloliacha. Watu wa Sigalagala walisema amekata kulia. Chrispinus alipanda bodaboda akateremka, akapanda tena, suti ikageuka rangi ya vumbi, na kwa kila kituo akajiambia kwamba kuna maelezo. Ng'ombe hukumbuka nyumbani, ni kawaida. Atamchukua arudi naye. Chepng'etich atangoja, mtu mwenye beji hasafiri bure.

Mtu akiwa mjinga huwa na kazi nyingi sana ya kufikiri, na Chrispinus alifikiri mpaka langoni kwa Mzee Shitanda.

Inspekta alikuwa zizini, anakula majani mabichi. Aliyekuwa anamlisha, akiwa amevaa leso na ndara, alikuwa Chepng'etich.

Walitazamana. Chepng'etich hakuficha uso.

"Karibu, Konsalta," alisema. "Baba, mgeni wako amefika."

Mzee Shitanda alitoka ndani, akavuta kiti kivulini, akakipangusa kwa mkono. "Keti. Umekuja kwa miguu? Mama Elvis, kuna mgeni, kamata kuku."

Chrispinus aliketi. "Huyu ni nani?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Mke wa Elvis wangu. Ametoka Nandi. Tuliwapelekea ng'ombe wengi sana kumpata, na sijawahi kujuta."

"Mzee, umenitapeli."

"Ee," Mzee alikubali kwa upole. "Siku ile ulipoondoka nilimuuliza Elvis kama kuna gemu kama hiyo. Akasema ipo. Nikamuuliza kama wanatafuta ng'ombe. Akacheka mpaka akakaa chini. Basi nikamuita huyu binti, kwa sababu Elvis anajuanga kucheka tu."

"Beji uliitoa wapi?"

"Ya semina ya kina mama wa maziwa," alisema Chepng'etich. "Niliigeuza upande wa nyuma."

Chrispinus alitaka kukasirika na hasira ikakataa kuja. Ilikuja badala yake haya, haya ya aina ya ajabu, ya fundi anayeonyeshwa kazi safi kuliko yake. Alitazama zizi. "Na ng'ombe? Kweli alimpiga yule wa Khayega?"

"Huyu? Huyu akisikia ngoma ya isukuti anatafutanga mlango. Umri wake ungeuona kama ungemfungua mdomo. Ulimzunguka alasiri nzima, pande zote tatu, na mdomo hukuangalia." Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Lakini kurudi nyumbani hajawahi kushindwa. Hata kutoka Malava, ng'ambo ya Kakamega, amewahi kurudi. Wewe si wa kwanza, mwanangu, usijione vibaya."

Obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, vilipoletwa, Chrispinus alikula. Hakukusudia, lakini alikuwa ametembea, na kuku alikuwa wa kienyeji, na katika nyumba za Waidakho wa Iguhu mgeni hali kidogo. Walimwongezea. Elvis alimwuliza kwa heshima kuhusu zile mbegu za miwa, na Chrispinus akajikuta akieleza, na watu wakicheka mahali panapostahili. Kwa muda mfupi alikaribia kufurahi.

"Sasa ng'ombe wako," alisema Mzee wakati wa kunawa. "Una karatasi. Mchukue."

Chrispinus alimtazama Inspekta, akayafikiria maua ya Immaculate, na barabara yote ya kurudi, na kesho yake barabara hiyohiyo tena, yeye nyuma na fahali mbele, mpaka mmoja wao afe.

"Mtanunua?" aliuliza.

Mzee alisema ng'ombe mzee hana soko siku hizi. Alisema pia kwamba kwa kuwa wamekula pamoja, hawezi kumwacha mtu na taabu. Walikubaliana juu ya nauli ya kufika Kakamega na kitu cha kumnunulia Immaculate taulo. Chrispinus alitoa karatasi ya chifu akamkabidhi, na Mzee akaipokea kwa mikono miwili.

Alikuwa amesimama barabarani Iguhu, akisubiri gari la kwenda mjini, lilipokuja pikapu jeupe la duka la vifaa vya ujenzi likaegeshwa pembeni. Bwana Simiyu ndiye aliyeendesha. Kando yake alikaa Madam Pascalia, kofia ya kanisani kichwani na mkoba mkubwa mapajani, ameukumbatia kwa mikono yote miwili. Nyuma ya pikapu palikuwa na kamba mpya, bado imefungwa kwa karatasi ya dukani.

Chrispinus alirudi nyuma hatua moja. Alifikiri wamemjia yeye. Lakini Simiyu alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayejua kitu na hataki kukisema.

"Konsalta. Na wewe uko huku?"

"Nilikuwa na shughuli. Nyinyi mnaenda wapi?"

"Kumwona tu mzee mmoja," alisema Simiyu.

"Kuhusu mambo ya shamba," alisema Madam Pascalia, na kuusogeza mkoba.

Chrispinus alitazama kamba, akatazama mkoba. Akamkumbuka Chepng'etich akisikiliza kwa makini pale saluni, na yeye mwenyewe akimtajia duka na hoteli kama mtu anayesoma tangazo la arusi.

"Kuna mama alikuja kwenu," alisema polepole. "Mwenye beji."

Madam Pascalia akaukaza mkoba, na hilo lilikuwa jibu.

Kulikuwa na njia rahisi: kunyamaza. Alikuwa amenyamaza maisha yake yote katika nafasi kama hizo na kulipwa vizuri. Lakini tumbo lilikuwa limeshiba kuku wa watu waliomshinda, na kichwa kilikuwa kitupu, na mtu aliyefilisika asubuhi huwa mwepesi wa moyo kuliko kawaida.

"Msinunue yule ng'ombe," alisema. "Ni utapeli. Ng'ombe ni mzee, mama ni mkwe wa nyumba hiyo, hakuna kampuni. Hata migongo yenu niliyopiga haiendi popote. Niliwadanganya. Nendeni nyumbani na pesa zenu."

Bwana Simiyu akamgeukia Madam Pascalia.

"Si nilikwambia atasema hivyo?"

"Uliniambia," alisema Madam Pascalia. "Anataka kumchukua peke yake. Endesha, Bwana Simiyu, kabla hajatutangulia."

Gari likaondoka kwa haraka, likakata kona ya kuelekea kwa Mzee Shitanda. Chrispinus Andati alibaki barabarani katika suti yake ya vumbi, mkono umeinuka nusu, akipiga kelele kwamba anasema kweli, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaumia kwa kutosadikiwa.